Mti wa Ukumbusho Ulio Katika Bustani ya Wote: Nani Aukate na Nani Autunze?

Msomaji aliyepata kusafiri kwa motokaa kutoka Kisumu kwenda Kisii hakosi kuujua mji wa Oyugis. Ukisha kupita Ahero na Sondu, barabara hupanda polepole, hewa huanza kupoa, na mara waona maduka yamejipanga huku na huku. Hapo ndipo inapochipuka njia ya kushuka Kendu Bay, ukingoni mwa ziwa. Siku ya soko utakuta viazi vitamu vya Kabondo vimerundikwa chini, ndizi za upande wa Kisii, na samaki waliopandishwa kutoka ziwani. Jua la adhuhuri likiwaka, muuzaji na mnunuzi wote wawili hutafuta kitu kimoja, nacho ni kivuli.

Kivuli hakipimwi kwa mizani wala hakitozwi ushuru, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa hakina thamani. Lakini mti mkubwa wa katikati ya mji ukisha kukatwa, ndipo kila mtu ajuapo alichokuwa nacho. Akina mama waliokuwa wakiuza chini yake huhama, wazee waliokuwa wakingojea basi husimama juani, na mvua ya kwanza ikinyesha maji hutiririka moja kwa moja mpaka milangoni mwa maduka. Mti hukua miaka sitini, na msumeno huumaliza katika saa moja.

Watu wa Oyugis wana sababu nyingine ya kulifikiri jambo hili kuliko watu wa miji mingine mingi. Kwa miaka mingi mji wao ulijulikana kwa wapenzi wa ndege, hata wa nchi za mbali, kwa ajili ya ndege wakubwa waitwao mwari, waliojenga viota vyao katika mikuyu mirefu iliyo karibu na mji. Mwari wa aina hiyo, mwenye mgongo wa rangi ya waridi hafifu, hutaga mayai juu ya miti wala si chini kama mwari mweupe. Huvua samaki ziwani na mitoni, kisha huruka mpaka kiotani kulisha makinda. Ndege huyu hana faida kwa mwenye haraka: hupiga kelele, samaki wake hunuka, na kinyesi chake hudondoka juu ya kila kitu kilicho chini. Lakini hana mahali pengine pa kuzalia ila mti mkubwa wa namna ile. Mti ukiondoka, naye huondoka, wala hakuna awezaye kumwita arudi.

Basi, katika makala haya twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: kanuni za mabaraza ya mji juu ya kupogoa miti iliyo mahali pa watu wote, na juu ya kumbukumbu za marehemu zinazowekwa katika bustani za namna hiyo. Tutaona kwamba mambo haya mawili ni ndugu, na kwamba ugomvi wake ukizuka huwa mkali kuliko ugomvi wa mpaka wa shamba.

Tuseme mfano

Tuseme kwamba katika mji fulani wa soko kuna familia iliyompoteza kijana wao katika ajali ya barabarani. Kijana huyo alikuwa mwalimu, watu walimpenda. Baada ya maziko, jamaa na wanafunzi wake wanaomba ruhusa ya kupanda mti katika kiwanja cha baraza, penye kivuli cha watu wote, na kuweka kibao chenye jina lake. Ofisa anayehusika anakubali kwa maneno tu, kwa kuwa nani atakataa ombi la watu waliofiwa? Mti unapandwa, sala inasomwa, watu wanakwenda zao.

Miaka kumi na mitano inapita. Ofisa yule amehamishwa zamani. Mti umekuwa mkubwa, na matawi yake yamefika kwenye nyaya za stima. Siku moja asubuhi wanakuja vijana wenye msumeno, waliotumwa na watu wasioijua habari ya mwalimu. Wanakata kichwa chote cha mti, wanaacha kisiki kirefu kama nguzo, na kile kibao kinavunjika chini ya gogo. Jioni mama wa marehemu anapita hapo akitoka sokoni.

Sasa msomaji aniambie: nani mwenye kosa? Vijana walitumwa. Waliowatuma wana haki ya kuzuia hatari ya umeme. Familia nayo ilipewa ruhusa. Baraza lilikubali, lakini halikuandika. Kila mmoja ana neno la kujitetea, na mama analia. Hapa ndipo unapoiona kazi ya kanuni. Kanuni nzuri si kwa ajili ya kuwasumbua watu; kazi yake ni kulijibu swali kabla halijaulizwa kwa machozi.

Sheria inavyosema

Sheria za miti si jambo jipya katika sehemu hizi. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, na ambayo mwaka 1950 yaligeuzwa kuwa mabaraza ya wilaya, yalikuwa na uwezo wa kupitisha maazimio juu ya mambo ya mahali, na miti ilikuwa mojawapo. Sheria ya Machifu nayo ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri za kusimamia ukataji wa mbao na kuzuia uharibifu wa miti usio na maana. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mabaraza ya kaunti na ya miji yaliichukua kazi hiyo, mpaka mwaka 2013 yalipokoma, na serikali za kaunti zikaanza. Tangu hapo Oyugis imekuwa chini ya Serikali ya Kaunti ya Homa Bay.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia bustani za kaunti, fuo na mahali pa mapumziko. Jedwali hilo hilo limezikabidhi pia makaburi ya watu wote. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 ya ardhi ya nchi kwa uchache. Tena Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Hilo si hisani ya mkubwa, ni haki yao.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikwenda karibu zaidi na mlango wa mtu wa soko. Iliagiza kila baraza lianzishe na kutunza bustani ya mapumziko katika kila kituo cha soko kilicho chini yake, na kwamba bustani hiyo isigeuzwe kwa matumizi mengine bila kushauriana na wakaaji wa hapo. Wanaojenga mitaa ya nyumba nao walitakiwa watenge asilimia 5 ya ardhi yao kwa ajili ya miti. Sheria ya mwaka 2016 iliyoshika mahali pa ile ya kwanza imeziwekea serikali za kaunti wajibu wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mkulima wa Kasipul au karani wa Oyugis akiuliza, "Bustani ya soko letu iko wapi, na nani anaitunza?" haulizi upuuzi. Anauliza kilichomo katika sheria.

Lakini sheria kubwa ya nchi haisemi ni tawi gani likatwe, kwa msimu gani, na kwa ruhusa ya nani. Wala haisemi kibao cha marehemu kikae miaka mingapi. Mambo hayo yameachwa kwa sheria ndogo za mahali penyewe, na pasipo na sheria ndogo, mwenye panga ndiye anayekuwa hakimu.

Miti saba ya Kamukunji

Tarehe 5 Juni, 1977, Bibi Wangari Maathai pamoja na wenzake waliandamana mpaka uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Kila mti ulipandwa kwa ukumbusho wa mtu mmoja mashuhuri wa zamani, kutoka makabila mbalimbali ya Kenya. Miongoni mwao alikuwa Mekatilili wa Wagiriama, Waiyaki wa Hinga wa Wakikuyu, Nabongo Mumia wa Waluhya, na Gor Mahia wa Wajaluo, ambaye kwao ni Kanyamwa, katika nchi hii hii ya Homa Bay. Huo ndio mwanzo wa kazi iliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Green Belt Movement, na iliyomletea Bibi Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Lakini twendelee na habari ya ile miti. Bibi Maathai mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2006, kwamba katika miti saba ni miwili tu iliyodumu. Mitano ilikufa. Msomaji azingatie: ikiwa miti iliyopandwa kwa heshima ya mashujaa, na mikono ya watu wenye bidii kama wale, ilikufa mitano katika saba, je, ile tunayoipanda sisi siku za sherehe, mbele ya wapiga picha, na kuiacha kesho yake? Tarehe 13 Novemba, 2023, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko kwa ajili ya kupanda miti, na lengo lililotangazwa mwaka 2022 ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni nia njema. Lakini anayepanda hupiga picha siku moja, na anayetunza huhitaji ndoo ya maji kila jioni. Kanuni ya baraza isiyotaja jina la mtunzaji ni nusu ya kanuni.

Yaliyotokea Sheffield

Wala tusidhani kuwa matatizo haya ni ya kwetu tu. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, kuna barabara iitwayo Western Road. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wa hapo walipanda miti 97 kwa ukumbusho wa wanafunzi wa zamani wa shule ya mtaani waliokwenda vitani. Karibu miaka mia ilipita. Halmashauri ya mji ikaingia mkataba na kampuni ya kutengeneza barabara, na katika mpango huo zaidi ya miti 5,000 ya mjini ilikatwa kati ya mwaka 2012 na 2018, mingi kwa sababu mizizi yake ilikuwa ikiinua kingo za njia. Mwaka 2017 ikaonekana kuwa miti 23 ya Western Road nayo imo katika orodha.

Wakazi wakasimama chini ya miti. Wengine walikuwa wazee, na baadhi ya watu walikamatwa na polisi katika ugomvi huo wa miti ya mjini. Mwishowe, baada ya malalamiko mengi na mazungumzo, mingi ya miti ile ya ukumbusho ikaachwa, na njia ikatengenezwa kwa namna nyingine. Uchunguzi uliofanywa baadaye, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2023, uliilaumu halmashauri vikali, na halmashauri ikaomba radhi.

Funzo ni hili. Baraza lilikuwa na sheria, lilikuwa na wataalamu, na lilikuwa na fedha. Kilichokosekana ni kuwauliza watu mapema na kuwasikiliza. Mahali penye ukumbusho pana wenyewe, hata kama hati ya ardhi haiwataji.

Ukumbusho na ugomvi

Kumbukumbu za mawe na shaba nazo zina habari zake. Mwezi wa Septemba, 2014, huko Kisumu, watu waliivamia na kuiangusha sanamu iliyosimamishwa na jamii ya Masingasinga kwa kuadhimisha miaka 100 ya hekalu lao mjini humo. Waliopinga walidai kwamba sanamu ile ni ya ibada ya kishetani. Masingasinga walishiriki kujenga reli na maduka ya Kisumu tangu mwanzo, nao hawakukusudia ila kushukuru. Hatusemi kuwa wavunjaji walikuwa na haki. Kuvunja mali si njia ya kutoa maoni. Lakini twasema kwamba habari ikielezwa mapema, katika mkutano wa watu wote, kwa lugha waijuayo, sanamu ya kusudi gani na ya nani, uvumi hukosa pa kusimama.

Upande wa pili uko Uhuru Park, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga hapo jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais aliyekuwa akitawala wakati ule. Bibi Maathai aliandika barua kuuliza kwa nini bustani ya watu wote ichukuliwe. Alitukanwa sana, lakini jumba halikujengwa. Kama sanamu ile ingesimama, ingekuwa ukumbusho wa mtu aliye hai, juu ya ardhi ya watu wasioulizwa. Katika bustani hiyo hiyo, mwaka 2015, ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, na wazee wenyewe walikuwapo kuushuhudia. Tofauti ya mambo haya mawili kila mtu aweza kuiona.

Mfano mwingine mwema ni ile bustani iliyofunguliwa mwaka 2001 mahali palipopigwa bomu Nairobi tarehe 7 Agosti, 1998. Majina ya waliokufa yameandikwa ukutani, na watu huketi hapo katika utulivu katikati ya makelele ya mji. Na huku kwetu Homa Bay, katika Rusinga, liko kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, 1969. Tangu mwaka 2011 sanamu yake nayo imesimama Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa. Ukumbusho unaofaa huwa na sababu ya kuwa pale ulipo: ama mtu alizaliwa hapo, ama alifanya kazi hapo, ama alikufa hapo.

Tunda la yago

Labda mtu atasema, "Mambo haya ya kuweka ukumbusho bustanini ni desturi ya Wazungu. Sisi twamzika mtu wetu nyumbani kwake, na kaburi lake latosha." Ni kweli kwamba Mjaluo huzikwa kwao. Lakini desturi za zamani zenyewe zilijua kwamba wako wafu wasiorudi nyumbani. Mtu akipotea vitani au majini, mwili wake usionekane, jamaa zake walitwaa tunda la mti uitwao yago, yaani mwegea, tunda refu na zito kama mwili wa mtu, wakalizika mahali pake kwa heshima zote. Hapo marehemu alipata kulala, na walio hai wakapata kupumzika.

Wangapi waliohitaji tunda hilo! Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi, na vita vilifika karibu hapa, kwani mwezi wa Septemba, 1914, palipiganwa Kisii penyewe. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa katika nchi ya Wajerumani, na makaburi yao hayajulikani. Nairobi kuna sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika, na jina la Kariakor limetokana na kikosi chao. Lakini majina ya watu mmoja mmoja hayapo pale. Basi bustani ya mji wa soko, yenye mti mmoja uliopandwa kwa ajili ya wale wasiorudi, si jambo geni. Ni yago lililozikwa upya, na safari hii likaachwa limee.

Namna ya kupogoa

Tuje sasa kwenye kazi ya mikono, kwa kuwa sheria isiyojua kazi huharibu. Kupogoa ni kuuondolea mti matawi yaliyokufa, yaliyougua, yanayosuguana, au yanayohatarisha watu na nyaya. Kukata kichwa chote cha mti si kupogoa. Huko ni kuujeruhi. Mti uliokatwa kichwa huchipua vijiti vingi kwa haraka, navyo havikushikamana na shina kwa nguvu, na tufani za nchi hii, zenye radi na mvua ya mawe, huviangusha juu ya vichwa vya watu. Anayeukata hivyo kwa kuogopa hatari huizidisha hatari yenyewe.

Tawi kubwa hukatwa kwa hatua tatu. Kwanza, mkato mdogo upande wa chini, mbali kidogo na shina. Pili, mkato wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, ili tawi lianguke bila kuchuna gome la shina. Tatu, kipande kilichobaki hukatwa nje kidogo ya ule uvimbe ulio kama ukosi mahali tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo usikatwe, kwa kuwa ndio unaoziba jeraha. Wala kisiki kirefu kisiachwe, kwa kuwa kitaoza. Zamani watu walifundishwa kupaka rangi au lami kwenye jeraha. Uchunguzi wa wataalamu wa miti uliofanywa Marekani katika miaka ya 1970 na baadaye umeonyesha kwamba rangi haisaidii. Mti hujifungia jeraha wenyewe kutoka ndani.

Ni vema kutokuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Msumeno usafishwe kabla ya kuhamia mti mwingine. Na kabla ya kupanda ngazi, mtu aangalie juu: penye viota vyenye mayai au makinda, kazi ingoje. Kwa watu wenye mwari, kanuni hii ingekuwa ya kwanza.

Mambo sita ya kuandikwa

Ikiwa watu wa Oyugis, au wa mji wowote wa soko, wataketi na wawakilishi wao wa wadi kuyatengeneza mambo haya, twashauri yaandikwe haya machache.

La kwanza, pawe na daftari ya miti. Kila mti mkubwa wa mahali pa watu wote upewe namba, na aandikwe aina yake, mahali ulipo, na kama ni wa ukumbusho, jina la anayekumbukwa na la jamaa wa kupelekewa habari.

La pili, asiwepo mtu wa kukata mti au tawi kubwa bila barua ya ruhusa. Hata wenye nyaya za stima, ambao wana haki ya kuondoa matawi ya hatari, watoe taarifa kwanza na wasimamiwe na mtu anayejua kazi. Hatari ya ghafla tu ndiyo isiyongojea barua.

La tatu, habari ya kukata ibandikwe ubaoni na kutangazwa sokoni siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili na Kijaluo, ikitaja sababu.

La nne, ukumbusho wa mtu binafsi uwe na kiasi na muda. Katika miji mingi ya Uingereza, benchi au mti wa ukumbusho huruhusiwa kwa miaka iliyotajwa, kisha familia huulizwa kama yataka kuendelea. Kibao kiwe kidogo, kisizunguke shina kwa waya, kwa maana waya huunyonga mti ukinenepa. Ielezwe wazi tangu mwanzo kwamba familia imepewa heshima, haikupewa ardhi. Na mti wa ukumbusho ukifa, upandwe mwingine mahali pake.

La tano, ukumbusho wa jumla, kama mnara au sanamu, uamuliwe katika mkutano wa watu wote, wala mtu aliye hai asisimamishiwe sanamu kwa ardhi ya umma.

La sita, fedha. Kanuni isiyo na fedha ya maji, ya msumeno mzuri na ya mshahara wa mtunzaji mmoja ni karatasi. Afadhali miti kumi yenye mtunzaji kuliko mia isiyo na mwenyewe.

Neno la mwisho

Mwaka 2020, barabara kubwa ya juu ilipokuwa ikijengwa Nairobi, mkuyu mmoja mkubwa wa Waiyaki Way, wa zaidi ya miaka mia, ulikuwa katika njia yake. Watu walipiga kelele, na kwa amri ya Rais mkuyu ule ukaachwa. Twafurahi kwa ajili yake. Lakini si kila mti waweza kungojea amri ya Rais, wala si kila mji una watu wa kupiga kelele mpaka zikasikika Ikulu. Mti wa Oyugis hutegemea karani anayeandika daftari yake vizuri, mwakilishi wa wadi anayesoma sheria kabla ya kuipitisha, na mkulima anayesimama mkutanoni akauliza, "Mmetuuliza?"

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu, aliyekuwa akitoka sokoni. Kama daftari ingekuwapo, mtu angekuja nyumbani kwake wiki moja kabla na kusema, "Mama, mti wa mwanao umefika kwenye nyaya. Tutaondoa matawi matatu ya upande wa barabara, mengine yatabaki. Ukitaka, njoo uangalie." Naye angekuja, akasimama kando na leso yake, akaangalia matawi yakishushwa kwa kamba moja moja. Labda angelia kidogo. Kisha angeketi chini ya kivuli kilichobaki, na muuza viazi angempisha mahali.

Kanuni hiyo haigharimu mamilioni. Inahitaji kalamu, daftari, na mtu wa kwenda kubisha hodi.